Chati Iliyonyooka Mno

Nyinyi mnaoanza kazi ya kupasha vyuma moto, leo sina haja ya kuwafundisha mashine. Mashine za siku hizi mnazijua kuliko mimi. Nilipostaafu, ile yetu ya mwisho ilikuwa imeanza kutuma habari kwenye simu ya mkubwa, na mimi nilikuwa bado naigonga ubavuni kwa kiganja ikikwama. Nataka niwaeleze siku niliyotia saini chati ya uongo, nisijue kuwa ni ya uongo mpaka kesho yake asubuhi, na chuma chenyewe kilikuwa kimeshatoka karakana.

Jina langu ni Mwanatumu. Kazini waliniita Bi Tumu. Karakana yetu ilikuwa Changamwe, ya kutengeneza vyuma vizito: shafti, gia, boriti za kunyanyulia mizigo, mabomba mazito ya mvuke. Mimi sikuingia kwa mlango wa ufundi. Niliingia kuwa karani wa stoo, nikitoa glovu na vijiti vya kuchomelea. Vile vijiti vya vyuma vigumu hukaa ndani ya tanuri dogo ili vikauke, maana kijiti kikinyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani mnaijua, ule unyevu huingia ndani ya mshono na kuupasua baadaye. Hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba kwenye mlango wa tanuri palibandikwa karatasi isemayo kijiti kilichokaa nje zaidi ya saa nne kirudishwe. Siku moja akaja welda mwenye mwili mkubwa akitaka vijiti alivyoviacha juu ya meza tangu asubuhi. Nikakataa. Akapiga kelele, nikamwonyesha karatasi. Akasema karatasi haichomelei. Nikamwambia, "Basi nenda mkasemezane na karatasi, mimi sitoi."

Nyuma yake alikuwa amesimama Fundi Katana, mzee wa Rabai, mwembamba, ambaye ndiye aliyekuwa na kazi ya moto karakana nzima. Alicheka mpaka akashika ubavu. Wiki iliyofuata nikaambiwa niache stoo, nikamsaidie Fundi Katana. Nikauliza kwa nini mimi. Akasema, "Welda wanaojua kuchomelea ninao wengi. Mtu wa kukataa sina hata mmoja."

Fundi Katana hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alichukua bati mbili nene, akamwambia welda azichomelee pamoja mezani bila kuzibana. Zilipopoa tukaona zimejikunja, ncha zimeinuka kama jani kavu. Kisha akachukua nyingine mbili, akazibana kwa vibanio vinne, zikachomelewa, zikapoa, zikabaki zimenyooka.

"Zipi nzuri?" akaniuliza.

"Hizi zilizonyooka, shekhe."

"Na ile nguvu iliyozikunja zile za kwanza, katika hizi imekwenda wapi?"

Akafungua kibanio kimoja. Bati likaruka, kibanio kikapita karibu na sikio langu.

"Haikwenda popote," akasema. "Imo ndani. Kila chuma kilichochomelewa kina nguvu kama hiyo imefungiwa ndani. Chuma laini huvumilia. Chuma kigumu, hiki chenye kromu na molibdeni, hakivumilii. Kazi yetu ni kukipasha pole pole mpaka kilegee, kukiweka pale pale kwa saa zake, kisha kukirudisha pole pole. Ukikimbia katika kupanda, umekosea. Ukikimbia katika kushuka, umekosea zaidi."

Na mimi nilikimbia. Mwaka wangu wa pili, palikuwa na harusi ya binamu yangu huko Shika Adabu, na mimi nilikuwa na shafti moja inapoa chini ya pamba ya moto, ile pamba nyeupe inayowasha ngozi. Ilikuwa bado digrii mia nne na kitu. Nikajiambia, si tumeshamaliza kuipasha, mbaya nini? Nikafunua pamba ipigwe na upepo ili tufunge mapema. Nilikuwa naosha mikono nikasikia mlio, tang! Nilidhani mtu ameangusha nyundo. Fundi Katana alikuja pole pole, akaichungulia shafti, akanitazama mimi na nywele zangu nilizokwisha kuzisuka kwa harusi.

"Nenda," akasema. "Ukacheze vizuri. Hii tutaikata Jumatatu."

Wallahi, afadhali angenitukana. Sikucheza hata wimbo mmoja.

Zama hizo tulipima joto kwa chaki za dukani, za kiwanda maalumu. Kila chaki ina joto lake. Unachora kwenye chuma, na chaki ikiyeyuka unajua umefika. Na tulitazama rangi. Fundi Katana alikuwa na kona yake isiyo na taa, na alitwambia chuma kikianza kuonyesha wekundu mweusi, wekundu ambao hujui kama umeuona au umeuwaza, hapo ndipo penyewe. Juani huuoni. Ndiyo maana milango ya upande ule haikufunguliwa kamwe, na sisi tukaoga jasho. Moto ulikuwa wa gesi, na mahali pengine wa makaa. Yeye mwenyewe alikuwa akichoma mihogo kwenye chuma kinachopoa, akisema muhogo ukiiva bila kuungua, basi mteremko wa joto ni mzuri. Sijui kama ulikuwa utani au la. Mihogo ilikuwa mitamu.

Baadaye ikaja mashine ya umeme. Tukapata mikeka ya moto, iliyotungwa kwa vipande vya kauri kama ushanga, waya umepita ndani yake. Unaufunga mkeka juu ya mshono, unafunika kwa pamba, mashine inapasha yenyewe. Joto linapimwa kwa waya mbili nyembamba zilizounganishwa kwenye ncha, na ile ncha hubandikwa kwa cheche moja juu ya chuma chenyewe, ikashika. Sisi tuliuita waya wa joto. Waya unaiambia mashine chuma kina joto kiasi gani, mashine inaongeza au inapunguza, na kalamu inachora mstari kwenye karatasi inayozunguka. Hiyo ndiyo chati. Mwisho wa kazi unaitia saini, na chati inakwenda pamoja na chuma kama cheti cha kuzaliwa.

Fundi Katana alistaafu muda mfupi baada ya mashine kuja. Hakuichukia. Alinipa sharti moja tu: "Usitumie waya mmoja. Mmoja wa kuiongoza mashine, mmoja wa ushahidi, uandikwe kwa kalamu yake. Wakipishana, simama." Nililishika sharti hilo miaka mingi, hata watu wakanicheka kwa kumaliza waya za stoo.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoliacha.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Ililetwa boriti ya kunyanyulia mizigo mizito, kutoka bohari moja hapo hapo Changamwe. Boriti kama hiyo huning'inizwa kwenye ndoano ya kreni, na ncha zake mbili zina masikio, vipande vinene vya chuma chenye tundu, ambamo minyororo hufungwa. Sikio moja lilikuwa limelika. Rashidi, welda wetu, mtu wa Kisauni na mkono wake ni mzuri kuliko wote niliopata kuwaona, alilikata lile bovu na kuchomelea jipya. Unene wake vidole vinne. Chuma kigumu kabisa. Kesho yake boriti ilitakiwa ijaribiwe kwa matofali ya zege, kisha inyanyue jenereta kubwa iliyokuwa inasubiri kwenye trela.

Nilifunga mkeka, nikabandika waya mbili. Nilipowasha mashine, kalamu ya pili haikuandika. Imekufa. Nikaigonga, nikaibadilisha wino, wapi. Nikamwita mkubwa wa karakana, Mhandisi Mutua, mtu wa bara, kijana kwangu, mkweli lakini mwenye haraka.

"Hiyo ya kwanza inaandika?" akauliza.

"Inaandika."

"Basi twende na hiyo moja, Bi Tumu. Boriti inatakiwa kesho asubuhi. Kalamu nitaagiza."

Ningeweza kukataa. Kukataa ndiko kulikonitoa stoo. Lakini nilikuwa nimechoka, na miguu ilikuwa imevimba, na nikajiambia, mara moja tu. Nikaunganisha waya mmoja, ule wa ushahidi nikaukunja nikauweka kando.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Tulianza asubuhi na mapema. Mstari ukapanda, ukafika mia sita na ishirini, ukatulia hapo saa tatu, ukashuka. Haukutetemeka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki nikiutazama, na nakumbuka nilimwambia Rashidi, "Leo mashine imeamka vyema." Naye akasema, "Imesikia unastaafu, inakuaga." Tukacheka.

Tulichelewa kidogo kufungua, lori la bohari lilikuwa limeshafika linapiga honi. Pamba ikatoka, mkeka ukatoka, waya nikauvuta, boriti ikapakiwa. Nikatia saini. Mhandisi Mutua akatia saini chini yangu. Nikarudi Mtongwe, nikalala usingizi mzito.

Asubuhi baada ya sala nilikuwa uani naanua nguo, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kilindini. Nikashika kanga, nikavuta. Kibanio kilikuwa kimelegea, kanga ikaja mkononi yenyewe, bila kushikilia.

Nikasimama pale pale.

Waya wa joto ukibandikwa vyema kwenye chuma, hauji hivyo. Ukitaka kuutoa lazima uukate, au uuzungushe kwa koleo mpaka ukatike, na huacha kidoa kidogo cha kung'aa kwenye chuma. Jana sikushika koleo. Koleo lilikuwa mfukoni mwangu, na halikutoka mfukoni. Niliuvuta waya na ukaja pamoja na mkeka. Mkono uliona. Kichwa kilikuwa kinasikiliza honi ya lori.

Nikaelewa yote kwa mpigo. Ncha ilikuwa imebanduka, pengine nilipokuwa nafunga pamba, ikalala juu ya mkeka badala ya chuma. Mashine ikawa inapima joto la mkeka wake yenyewe. Mkeka ukifika mia sita na ishirini, mashine inakata moto, inafurahi. Na sikio la chuma, nene, limeshikana na boriti nzima inayonyonya joto kama mchanga unavyonyonya maji, limebaki chini sana. Ndiyo maana mstari ulinyooka. Chuma kizito hukawia, hubisha, mstari wake hupanda ukitetemeka. Ule wa jana ulinyooka kwa sababu mashine ilikuwa inazungumza peke yake.

Nikampigia Mhandisi Mutua. Simu haipatikani. Nikakumbuka kwamba atakuwa bohari kusimamia jaribio, na pale simu huzimwa zikaachwa langoni wakati wa kunyanyua mizigo. Nikampigia Rashidi.

"Rashidi, ile boriti uliiandika namba?"

"Salama, Bi Tumu, shikamoo."

"Marahaba, nisamehe. Uliiandika namba?"

"Niliandika ishirini na saba, kwa rangi nyeupe. Karibu na mshono, vidole viwili hivi. Kwani vipi?"

"Jana mkiipakia, uliiona ile namba?"

Akafikiri. "Niliiona. Ilikuwa imekuwa hudhurungi, lakini inasomeka."

Rashidi anajua, kama ninavyojua mimi, kwamba rangi ile haifiki mia sita na ishirini ikabaki kusomeka. Huungua yote, ikapeperuka.

"Bi Tumu," akasema kwa sauti ndogo, "wataijaribu saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Sasa hivi ni saa moja."

"Chukua kile kisanduku cha dawa nyekundu na kipima ugumu. Kiko kabatini kwangu, ufunguo uko kwa mlinzi. Uende moja kwa moja bohari. Mimi natoka."

Mume wangu alikuwa mlangoni na kikombe chake. "Tumu, mvua yaja, nguo umeziacha."

"Zianue wewe," nikamwambia, na nilikuwa nimeshafika barabarani na kanga ile moja begani.

Tuktuk mpaka kivukoni. Asubuhi watu wote wa Likoni wanakwenda kisiwani, hilo mnalijua. Nikasimama kwenye ule umati mbele ya lango, siendi mbele wala sirudi nyuma, kila mtu ana haraka yake na hakuna ajuaye ya mwenzake. Na nilipoingia kwenye feri, nikashika nguzo, hapo ndipo nilipoanza kujadiliana na nafsi yangu. Nawaambia kwa sababu na nyinyi itawafika.

Nafsi ikaniambia: pengine umekosea. Pengine waya ulikatika jana wakati wa kuvuta, pengine rangi ya Rashidi ilikuwa ya aina nyingine. Ikaniambia: masikio mangapi ya vyuma yamechomelewa na watu wa pembeni mwa barabara bila moto wowote, na bado yananyanyua? Ikaniambia: miezi minane tu imebaki. Utatoka kwa heshima, watu watakupa zawadi ya saa ya ukutani. Leo ukiingia pale ukasema chati yako ni ya uongo, watauliza na zile za nyuma. Kila sikio ulilolipasha miaka yote litatiliwa shaka.

Hilo la mwisho lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Feri ilipogonga ng'ambo, miguu ilitoka kabla sijaamua, na nikaiacha initangulie.

Pikipiki kutoka kivukoni mpaka Changamwe. Nilimwambia yule mwenye pikipiki asisimame kwa jambo lolote isipokuwa mauti. Akasema, "Mama, hayo yote mawili sitaki." Tulipofika langoni mwa bohari ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Mlinzi akanizuia.

"Bila kofia ngumu huingii, mama."

"Nipe yako."

"Hairuhusiwi."

Kutoka pale langoni niliweza kuiona kreni. Boriti ilikuwa imeshaning'inia, imeinuliwa kimo cha mtu. Chini yake alikuwa Karisa, mfunga mizigo wa bohari lile, mtu niliyemjua kwa miaka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akija kutuletea boriti. Alikuwa amepiga magoti kati ya matofali ya zege, anapitisha mnyororo kwenye lile sikio jipya.

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Siku ile nilipiga. "Karisa! Toka hapo! Karisa, toka!"

Akageuka. Mhandisi Mutua akageuka. Dereva wa kreni akatoa mkono kwenye usukani wake. Mhandisi akaja langoni kwa hatua ndefu, chati ameikunja mkononi.

"Bi Tumu, nini?"

Nikamweleza. Waya, koleo, namba ishirini na saba. Nilieleza haraka na vibaya, pumzi zinakatika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaifungua ile chati mbele yangu.

"Lakini chati hii hapa. Imenyooka kabisa."

"Ndiyo hivyo, mhandisi. Imenyooka mno."

"Saini ni yako."

"Ni yangu. Ndiyo sababu nimekuja mimi."

Akatazama nyuma, kwenye trela na jenereta, kwenye wale watu wenye mzigo waliokuwa wamesimama na mafaili yao. Akashusha sauti. "Sikiliza. Leo ni jaribio tu. Tuinue matofali. Sikio likiwa bovu, jaribio litatuambia."

"Jaribio litamwambia Karisa kwanza," nikasema.

Nyuma ya mhandisi, Karisa alikuwa amekuja karibu, amesikia. Alinitazama, akamtazama mhandisi, akaanza kuvua glovu zake, moja, kisha nyingine.

"Mimi siingii," akasema. Hakusema kwa hasira. Alizikunja glovu akazitia mfukoni.

Mhandisi Mutua akashusha pumzi, akainua mkono kwa dereva: shusha. Boriti ikashuka mpaka ikalala kwenye mbao. Mlinzi akanivalisha kofia yake mwenyewe.

Rashidi alifika saa tatu kasorobo, shati limelowa, kisanduku kifuani. Hakumsalimia mtu. Alisafisha mshono kwa brashi ya waya mpaka ukang'aa, akapuliza dawa nyekundu. Dawa hiyo ni nyepesi, hupenya mahali ambapo jicho haliingii. Unaingoja inywe. Kisha unaifuta yote, chuma kinabaki safi kama hakikuguswa, na juu yake unapuliza dawa nyeupe inayokauka kama chokaa. Kama pana ufa, ile nyekundu iliyojificha ndani inanyonywa, inatoka juu ya weupe.

Sote tulikuwa tumeinama. Watu wenye mzigo nao walisogea. Rashidi akapuliza nyeupe, akarudi nyuma. Hapakuwa na kitu. Dakika moja, hapana kitu. Namwona Mhandisi Mutua ananitazama kwa pembe ya jicho, na mimi nawaambieni, nyinyi wanangu, Mungu anisamehe, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inaomba ufa uwepo ili nisiwe mwongo, na sehemu nyingine inaomba usiwepo ili niwe sikufanya kosa.

Kisha Rashidi akasema, "Hapo."

Kwenye kisigino cha mshono, pale unapokutana na chuma cha boriti, upande ule ule wa namba, ulikuwa umetokea mstari mwembamba kama unywele. Mwekundu. Ukawa unakoza, ukarefuka, ukafika urefu wa kidole changu cha kati, ukasimama. Rashidi akaweka kipima ugumu kando yake, akakigonga, akasoma, akanionyesha mimi bila kusema namba kwa sauti. Chuma kilikuwa kigumu kama kioo. Moto wetu wa jana haukuwa umekigusa.

Mhandisi Mutua alikaa juu ya tofali la zege. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyesema waya mmoja."

"Na mimi ndiye niliyekubali," nikasema.

Karisa alikuwa bado amesimama nyuma yetu. Aliunyoosha mkono, akaweka kiganja chake chini ya lile sikio, hapo ambapo asubuhi bega lake lilikuwa. Akautoa. Akaenda zake kunywa maji.

Nilipewa barua ya onyo. Iliandikwa vizuri, na kila neno lilikuwa halali yangu. Mhandisi aliandika ripoti akataja jina lake kabla ya langu. Na kama nilivyoogopa kwenye feri, waliuliza kazi zangu za nyuma. Wiki mbili nilizunguka mabohari na kipima ugumu, nagonga masikio na mishono ya miaka, mbele ya watu wanaonitazama kama mwizi aliyerudishwa kuonyesha alipochimba. Yote yalikuwa mazima. Lakini sijapata kuwa na wiki mbili ndefu kama zile.

Rashidi alilikata sikio, akachomelea upya, akaandika namba yake pale pale. Safari hii nilibandika waya nne. Kila mmoja niliuvuta kwa kidole kabla ya kuufunika, nao ukanishikilia. Kila ncha niliitilia kipande kidogo cha pamba juu yake, isiguse mkeka. Hayo mawili yaandikeni: uvute, na uutenge na mkeka. Kalamu zote ziliandika. Mistari minne ilipanda ikitetemeka, mmoja nyuma ya mwingine, ule wa kwenye kisigino cha mshono umechelewa karibu nusu saa, na mimi nikaiongezea mashine muda mpaka wa mwisho ufike. Mhandisi Mutua alileta kiti chake akakaa nami siku nzima. Adhuhuri alinishikia zamu nikasali. Alasiri akaniuliza, "Utajuaje mteremko ni mzuri, nje ya chati?" Nikamwambia habari za mihogo ya Fundi Katana. Alicheka, kisha nikamwona anafikiri kwa makini kabisa. Tulipofungua kesho yake, namba ya Rashidi haikuonekana hata kivuli chake. Chuma kilikuwa kijivu, kimefifia sawasawa pande zote. Niliandika hilo pia kwenye karatasi, kwa mkono wangu, kando ya mistari: nilichokiona, mbali na kilichochorwa.

Dawa nyekundu, hapana kitu. Kipima ugumu, mahali pote sawa.

Tukairudisha boriti bohari. Nilikwenda nayo, nimekaa mbele ya lori na chati mapajani. Kreni ikaiinua kimo kile kile. Matofali yalikuwa pale pale. Watu wenye mzigo walikuwepo, na mafaili yao, na Mhandisi Mutua amesimama mbele, karatasi zote amezitia saini.

Karisa alivaa glovu zake. Akapita mbele ya mhandisi, akapita mbele ya wenye mzigo, akaja nilipokuwa nimesimama mimi karibu na lango.

"Bi Tumu," akasema, "niingie?"

Nilikuwa nimeshasoma vipimo mara tatu. Nilivitoa nikavisoma mara ya nne, pole pole, mstari kwa mstari, na hakuna aliyenihimiza, hata dereva wa kreni. Karisa alisubiri.

"Ingia," nikamwambia.

Akaenda, akapiga magoti chini ya sikio, akapitisha mnyororo.